Mia Tano Inaenda Wapi

Mujukuu wangu Riziki,

Jambo sana kutoka huku Baraka, kando ya ziwa. Tuko wazima. Mama yako mudogo amezaa mutoto mwanaume, anayelia kupita jogoo.

Unauliza kwa nini (3x + 500) ikigawanywa kwa (x + 20) inaelekea tatu, x ikienda infini, ni kusema ikikua bila mwisho, na mia tano inaenda wapi. Eh, Riziki! Swali lile lile lilinichosha mu miaka ya hamsini, tukiwa banafunzi ku misioni. Rafiki yangu Asukulu, wa kijiji cha Swima, kama angeanguka mutihani wa mwisho wa mwaka, angerudishwa kwao. Nikamufundisha ku mchanga wa ziwa mpaka sauti ikakauka.

"Gawanya yote kwa x!"

"Nimegawanya. Lakini mia tano, nani ameifukuza?"

"Hakuna! Iko pale, juu ya x!"

"Kama iko, kwa nini unaifuta?"

Nilitaka kulia. Karibu yetu bamama walikuwa banaanika ndagala, samaki wale wadogo wa ziwa. Nikamuonyesha. "Sahani moja ya ndagala, ukigawia Swima yote, kila muntu anapata nini?"

"Bure, hakuna kitu."

"Na ndagala zimepotea?"

Akatikisa kichwa. "Hapana. Ziko, ila hakuna anayeonja." Akafuta mia tano, akafuta na ishirini ya chini, yeye mwenyewe. Na mi pia, ni siku ile nilielewa nilichokuwa nafuta.

Mutihani akashinda. Akatoka mbio anacheka, akanishika mukono. "Sasa niambie, na kama juu iko x mraba?"

Karibu nimutupe ziwani.

Babu yako