Kikombe cha Akiru

Malaba, Jumanne

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Daktari aliuliza binti yangu Akiru humeza zile tembe za saratani ya damu na nini. Nikajibu bila kufikiri: na maziwa. Mama yangu ndiye humpa jioni nikiwa bado sokoni. Humkamulia kikombe kizima, anasema dawa kali haimezwi na maji matupu.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema maziwa yana kitu kinachoweza kuvunja dawa hiyo tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Ugonjwa umerudi, lakini hawezi kusema ni maziwa yaliyourudisha.

Hawezi kusema. Nimebeba hayo maneno hadi nyumbani. Mbona hakuna aliyetuambia? Ama niliambiwa, nikasahau, na sasa...

Mama alikuwa mlangoni, kikombe mkononi. "Daktari amesemaje?"

"Anasema umemtunza vizuri, Mama. Wanabadilisha dawa tu. Hiyo mpya inataka maji."

Akafurahi. Akiru alikuwa ameshalala, kwa hivyo kikombe akanipa mimi. Nikanywa yote, akinitazama.