Mbegu ya Mkoko Iliyochukuliwa na Maji

Charo mwanangu, kitinda mimba wangu,

Jumamosi wanakukalia matanga. Baba yako mdogo ndiye kasema, eti mwaka umepita tangu meli uliyokwenda kufanyia kazi ipotee, na roho yako haifai kukaa nje kama mgeni asiyekaribishwa. Nimemjibu haya. Nimechoka kukataa, mwanangu.

Leo maji yalipokupwa nimeshuka topeni kwetu, hapa Mikindani. Wakumbuka tulivyopanda mikoko na kina mama wa kanisa? Mimi na hofu zangu, kila wiki nang'oa mche mmoja nitazame kama umeshika mizizi. Ukanifuma. "Mama we! Utaiua kwa huruma!" Wenzangu walicheka hata wakakaa kwenye tope. Mama Neema akanibandika jina, Mama Ng'oa, na halijanitoka.

Ukanieleza taratibu, mimi mtu wa darasa la tatu. Mchu, ule mti jirani yake hapo topeni, humwaga mbegu ndogo chungu nzima, ya kupona ipone. Mkoko hafanyi hivyo. Mbegu yake huota ingali imemshikilia mamake, ikawa ndefu kama mchi, ndipo aiachilie. Maji yakiwa yamekupwa, inajichomeka papo hapo chini yake. Yakiwa yamejaa, inakwenda.

"Na ikishakwenda?"

"Haifi upesi, Mama. Ina akiba yake ndani. Itaelea miezi, imelala, halafu isimame majini ikitafuta tope."

Nikasema, basi mkoko ni mama kama mimi. Ukacheka. "Ila yeye huachilia."

Haya, nikakuachilia. Kumbe maji yalikuwa yamejaa.

Wewe siwezi kukung'oa nitazame kama umeshika. Nikipiga simu, ni yule mwanamke wa mtandao tu, asema hupatikani. Pikipiki ikisimama mlangoni, natoka mbio nikidhani imeleta habari zako. Dada yako aniambia kula, nami nakula, lakini chakula hakina ladha.

Mikoko yako imenipita kimo, Charo. Chini yake leo nimeokota mbegu iliyoletwa na maji, nyeusi, yabonyea ukiishika. Nimeiosha. Nimeichomeka topeni nikakaa nayo hata maji yakanifika kiunoni. Hukunifundisha iliyokufa yafananaje. Ulinifundisha kungoja tu.

Jumamosi nitakaa mkekani nilie wanavyotaka. Hilo la "lala pema" watalisema wao. Mimi halinitoki.

Ni mimi mamako,
Mama Ng'oa