Bata Aliyevaa Koti Ameshinda

Shangazi yangu mpenzi,

Nimeshinda! Naanza na hilo kabla ya salamu, na najua ungenikatiza hapo hapo: "We Hadija, salamu kwanza, majisifu baadaye." Haya, asalaam aleikum. Hapa Biryogo sote wazima. Baba anakutaja kila asubuhi akinywa chai, mwanao Hamza amenenepa, na mashine yako ya kudarizi iko pale pale dirishani, imefunikwa kile kitambaa chako cha maua. Nikaha yangu ni Jumamosi. Gauni liko tayari, linaning'inia mbele yangu ninapoandika, na aliyelichora ni wewe. Tulia nikueleze ilivyokuwa, maana ulituacha ukiamini kwamba Linux ni mchezo wa watu wasio na kazi, na mimi sikubali ubaki na imani hiyo huko uliko.

Unakumbuka siku nilipoileta ile laptopu kuukuu? Ofisini kwetu Kimihurura walikuwa wanaitupa, nikaiomba. Nikaufuta ule mfumo wa kompyuta anaoutumia kila mtu, nikaweka Linux, na juu ya kifuniko nikabandika stika ya pengwini. Ulinyanyuka kwenye cherehani, tepu ya kupimia shingoni, ukavaa miwani, ukainama kabisa.

"Huyu bata kavaa koti anakwenda wapi?"

Nikakwambia si bata, ni pengwini, ndiyo alama ya Linux. Nikakueleza kwamba ni mfumo wa kompyuta ambao haununuliwi, umetengenezwa na watu wa dunia nzima, na yeyote anaruhusiwa kuufungua aone ndani kuna nini. Ukaguna. "Kitu cha bure hakina mwenyewe, mwanangu. Kikikuharibikia utamlilia nani?"

Nikakujibu kina wenyewe wengi. Ukasema basi huo ni msiba wa wengi. Baba alicheka mpaka chai ikampalia.

Tangu siku hiyo hatukupumzika. Wewe ulikuwa na programu yako ya kuchorea nakshi, ile isiyofunguka bila ufunguo wake, kijiti chekundu cha kuchomeka ubavuni mwa kompyuta. Nilikuwa nakusumbua: Shangazi, ua umelichora kwa mkono wako mwenyewe, halafu unaliombea ruhusa kwa kijiti? Nawe unanijibu huku umebana pini midomoni kwamba hata nyumba yako ina ufunguo, na bado ni yako. Hapo ulinifunga mdomo, sisemi uongo. Lakini kesho yake nilirudi na hoja nyingine, na wewe ukawa na jibu jingine, na wateja wakawa wanachelewa kuondoka ili wasikilize. Wakati mwingine uliniuliza mbele yao: "Na siku ya nikaha yako, huyo bata wako atakaa wapi? Maana naona hamuachani." Nilikuwa naona haya hadi masikio yanapata moto.

Hamza alikuwa upande wako kwa sababu moja tu, gemu lake la mpira. "Dada, kompyuta haiwezi kucheza mpira, hiyo iko sanduku, sha." Wakati ule alikuwa na haki yake kidogo. Leo sivyo. Leo gemu likiandikwa kwa ajili ya mfumo wa kila mtu, Linux inaweka mkalimani katikati. Gemu linauliza kwa lugha yake, mkalimani anatafsiri, kama wewe ulivyokuwa ukikaa kati ya mteja kutoka Bukavu na fundi anayejua Kinyarwanda tu, na kila mmoja anaondoka akidhani wamezungumza wenyewe. Hamza anacheza mpira wake sasa kwenye laptopu ya bata, anapiga kelele za magoli hadi jirani anagonga ukuta. Yapo magemu machache yenye walinzi mlangoni, ambao wakiona Linux wanakufukuza, na majedwali ya hesabu ninayotuma ofisini yakifika kwao huwa yamehama kidogo pembeni. Nayasema haya waziwazi kwa sababu ulimchukia fundi anayeficha kasoro ya nguo.

Lakini Shangazi, usijifanye hukumbuki ile Jumamosi ya umeme kukatika. Saa nane mchana, mashine zote kimya, wewe umekaa unajipepea na kipande cha karatasi ya kukatia. Laptopu yangu ilikuwa na chaji. Nikakufungulia lile gemu la mbio za vigari, la bure kama Linux yenyewe, ambalo hata bata wako anaendesha. Ulisema wewe ni mtu mzima, una swala ya alasiri inakusubiri. Ukachukua. Ukachagua bata, eti ili umvunje shingo.

Sitasahau maisha yangu yote. Vidole vyako vilikuwa kwenye vitufe, lakini mguu wako wa kulia ulikuwa chini ya meza unakanyaga sakafu, mbele nyuma, kama ulivyokanyaga cherehani miaka yote, tangu Buyenzi kule Bujumbura ulikojifunza ufundi. Kwenye kona ulikuwa unauinua taratibu, njia ikinyooka unaukandamiza. Hamza akainama chini ya meza. "Mama, unakanyaga nini?" Nawe bila kumtazama: "Nakanyaga moto, nipishe!"

Ulimshinda Hamza. Ukanishinda mimi. Ukasema "Astaghfirullah, hebu niwekee tena." Umeme uliporudi ulituambia tuuache kwanza, mashine zisubiri. Ulipoulizwa kesho yake kama Linux haifai, ulisema gari ni zuri, tatizo ni dereva.

Ukaugua. Hapo sitakaa sana, maana barua hii ni ya furaha na wewe hukupenda machozi juu ya kitambaa cheupe. Nakumbuka tu siku uliyonivuta mkono pale kitandani. Mchumba wangu alikuwa ameshaleta posa, na kazi ya kumwandaa bi harusi ni ya shangazi, hiyo sote tunaijua. Ukaninong'oneza: "Nakshi ya gauni lako nimeshaichora. Iko kwenye flashi, ndani ya droo ya mashine. Rangi utazijua mwenyewe." Nikakuuliza nitazijuaje. Ukafumba macho, ukatabasamu lile tabasamu lako la kumficha mtu jambo. Siku tatu baadaye tukakuzika.

Sasa sikiliza. Siku ya hitima, watu wakihamisha viti, Hamza alikanyaga kile kijiti chekundu. Kikavunjika vipande viwili. Basi programu yako ikafunga mlango, na kazi yako yote ya miaka ikabaki ndani. Hamza alilia siku hiyo kuliko siku ya mazishi. Ikabaki flashi ya kwenye droo. Tukaichomeka kwenye mashine ya kudarizi, haikuona kitu. Hamza akaichomeka kwenye kompyuta yako, kikatokea kialama kimoja cha njia ya mkato kisichofunguka. Akaipeleka kwa fundi mmoja wa kompyuta hapo mtaa wa jirani, Gitega, akarudi kichwa chini.

"Dada, flashi iko tupu. Fundi anasema tuifute tu, tutumie upya."

Wiki tatu kabla ya nikaha. Gauni liko jeupe, tupu, halina hata ua moja. Mama yangu akasema kwa upole kwamba mafundi wa nakshi wako wengi hapa Biryogo, twende tu kwa mwingine, Shangazi angeelewa. Nikasema sivai. Nikasema afadhali niolewe nimevaa gauni tupu kuliko kuvaa mkono wa mtu mwingine. Nilipaza sauti, nikamkosea mama yangu heshima, na baadaye nikamwomba radhi. Ila ndani yangu nilikuwa naogopa kwamba maneno yako ya mwisho kwangu yamepotea kwenye kidude kikubwa kama kidole gumba.

Kisha akili ikanirudia. Flashi yako ilikuwa inatembea! Kila picha ya ua ambayo mteja alikuletea kutoka kwenye kompyuta ya mtu ilipitia humo. Virusi vya flashi vinajua uchawi mmoja: vinayafichia mafaili yako pembeni na kuyawekea alama ya "usionekane," na mfumo wa kila mtu unaitii alama hiyo. Linux haiitii. Haijui hata kama kuna anayetakiwa kujificha.

Niliileta laptopu sebuleni baada ya chakula cha mchana. Baba akakaa kulia, mama kushoto, Hamza nyuma yangu akinipumulia shingoni. Nikachomeka. Nikasema bismillahi. Na mafaili yako yakajipanga hapo, Shangazi, safu kwa safu, yote, mpaka kiooni hakukuwa na nafasi.

Hamza alipiga ukelele, majirani wakadhani ni goli.

Lakini majina! Hukuandika "ua namba moja" kama watu wengine. Uliandika unavyowajua. "Kanzu ya mwenye tumbo." "Mama pacha anayejidai." "Bwana harusi mfupi shingo isiwe kubwa." "Mke mdogo mkubwa asione." Tulikuwa tunasoma kwa sauti tukishindana. Baba alilia kwa kicheko, akijifuta na ncha ya kofia, na tangu ulipoondoka sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. "Huyo ni dada yangu," alikuwa anasema. "Huyo ndiye dada yangu mwenyewe."

Nilitafuta jina langu. Halikuwepo. Nikashuka, nikashuka, hadi karibu na mwisho. Na hapo kuna faili moja limeandikwa "msumbufu wangu." Hakuna aliyeniambia ni langu. Hakukuwa na haja.

Nikalifungua kwa programu ya bure ya kuchorea, na ikasoma kila mchomo wa sindano. Maua ya mikononi, majani yanayopanda kutoka chini, mkono wako kabisa. Ila faili la namna hiyo halina rangi, Shangazi, wewe ulijua. Linajua tu sindano iende wapi na isimame wapi kubadilishiwa uzi. Kioo kikanipakia zambarau na kijani ovyo ovyo. Maua niliyaelewa: nyeupe juu ya nyeupe, na fedha kidogo kwenye ncha, kama ulivyomshonea mama. Lakini pembeni ya pindo, upande wa ndani, palikuwa na kitu kidogo kimelala ubavu, na mashine inasimama mara tatu kwa ajili yake peke yake. Baba akasema ni kokwa. Hamza akasema ni birika. Na mimi nikaona birika, nikakumbuka chai zetu, nikaridhika.

Kwa bahati ulinifundisha kwamba hakuna fundi anayeanza kwenye nguo yenyewe. Nikafunga kitambaa cha kujaribia, nikaweka uzi mweupe kote, nikawasha mashine. Maua yakaja. Majani yakaja. Nikafika kwenye birika. Sindano ikazunguka mgongo wa duara, ikashuka mkono mmoja, ikashuka mkono wa pili, ikasimama. Nikageuza kitambaa kisimame wima.

Ee Mungu wangu. Koti.

Nyeusi, nyeupe, machungwa. Rangi nilizijua mwenyewe.

Nilikaa chini sakafuni nikacheka na kulia vyote pamoja. Wewe uliyesema hakina mwenyewe! Wewe uliyeniaibisha mbele ya wateja wote wa Biryogo kuuliza bata atakaa wapi siku ya nikaha yangu, kumbe ulikuwa unamtafutia mahali. Umemweka ndani ya pindo ambapo shehe hamwoni, mama mkwe hamwoni, ila nikipiga hatua mguu wangu wa kushoto unamjua. Nimeushinda ubishi wetu, Shangazi, na ushahidi umeudarizi wewe mwenyewe. Sasa utamlilia nani?

Jana nikaliweka gauni lenyewe kwenye mashine. Hamza alikuwa kando yangu akishika kitambaa kisijikunje, na alikuwa ameshaniomba nimwekee Linux kwenye kompyuta yako kuukuu, ile iliyomwambia flashi iko tupu. Nikaweka uzi mweusi. Nikabadilisha, nikaweka mweupe. Nikaingiza wa machungwa, kwa ajili ya mdomo na miguu, nikabonyeza, sindano ikaanza. Mashine ya kudarizi haina kanyagio, unajua. Inakwenda yenyewe.

Hamza akatazama chini. "Dada, unakanyaga nini?"

Mguu wangu wa kulia ulikuwa unapiga sakafu, mbele nyuma, na sijui ulianza saa ngapi.

"Nakanyaga moto," nikamwambia. "Nipishe."

Pumzika, Shangazi yangu. Jumamosi tunatoka pamoja, wewe, mimi na bata.

Mtoto wa kaka yako,
msumbufu wako