Papa, Nimerudisha Pompi Kwenye Jeep

Papa wangu mpendwa,

Nimefanya ile kazi uliyonikataza. Naanza na hilo kwa sababu tangu juma lililopita, kila nikisikia moteri ya jeep yako ikiwaka hapa uani kwetu Mushaki, naacha chakula na kutoka kuangalia nani amekaa kwenye kiti cha dereva. Kaka Samueli ananicheka. Wewe ulikuwa unaniacha nimalize kusema.

Ulipoinunua ile gari haikuwa na milango, na kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Mama alikuuliza kama umenunua gari au banda. Ukakaa chini yake miezi na miezi. Nilikuwa bado nasoma sekondari, na kila nikitoka shuleni uliniita nikushikie taa. Siku moja ukanionyesha kwa bisibisi pale gia zinapokaa.

"Nguvu yote ya moteri inapita hapa," ulisema. "Ukiitobolea njia ingine, hii gari inakuwa mashini ya kila kazi."

Hiyo njia nyingine uliiita prise de force. Ukaunga hapo shafti ndefu ya chuma, ikatokea nyuma ya gari na kuzungusha mashini ya kukata majani ya ng'ombe. Wafugaji walitoka mbali, hata Burungu, kuja kuitazama. Baadaye ukaongeza pompi ya mafuta, ile inayosukuma mafuta kwenye mipira na kuinua koleo kubwa la chuma la kusukuma udongo, mbele ya gari. Ulitembea uani umefunga mikono mgongoni kama mtu aliyejenga kanisa.

Halafu ikaja siku ile. Hatukuwahi kuizungumza, wewe na mimi, na sasa nitaizungumza peke yangu.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kushika gesi, moteri isipungue nguvu, na kukutazama. Ukainama kutoa majani yaliyokwama, na pindo la koti lako likagusa shafti. Likavutwa na kuzungushwa, na mkono wako wa kuume ukalifuata.

"Zima! Zima, mutoto wangu!"

Ufunguo ulikuwa mbele yangu. Niliuona, Papa. Mkono wangu haukwenda. Mpaka leo sijui nilikuwa nangoja nini. Nilipozima, ulikuwa umekwisha kunyamaza.

Hospitali waliukata mkono chini ya kiwiko. Mama alipouliza imekuwaje, ulinitazama mara moja, ukageukia ukutani. "Moteri njo ilikawia kuzimika," ulimwambia. "Ni kosa yangu." Ulisema hivyo kwa kila aliyekuja kukusalimia, nami nilisimama pale nikiwapa wageni chai.

Uliporudi nyumbani ulifungua vyuma vyote kwa mkono mmoja, ukavifunga ndani ya shitingi, ile turubai ya plastiki. "Hii haitarudi kwa hii gari," ulisema, "nikiwa ao nisipokuwa." Miaka ilipita hivyo, mpaka sukari ikakuchukua mwaka jana, na mimi nikabaki na garaji.

Sasa nikueleze sababu. Mwezi uliopita mvua iliangusha mlima kwenye ile kona ya kushuka Sake. Safari hii barabara haikufungwa na watu wa bunduki, ilifungwa na udongo. Watu wakachimba kwa majembe siku mbili, mvua ikarudisha yote. Maziwa yakaganda kwenye mabidoni. Mke wa jirani yetu akashindwa kuzaa, wakambeba kwa machela kwenda hospitali, kupita juu ya matope. Mtoto alifika amekufa. Kesho yake Mama Esperansi, mkubwa wa chama cha wanawake wauza maziwa, akaja garajini akakaa juu ya tairi.

"Ile koleo ya papa yako iko?"

"Iko. Lakini alikataza."

"Unaogopa chuma, ao unaogopa papa yako?"

"Vyote mbili, Mama."

Hakucheka. Akasema, "Mimi pia naogopa. Lakini mwengine atabebwa tena."

Nikafungua shitingi. Shafti sikuirudisha, naapa. Niliikata vipande. Nilifunga pompi moja kwa moja kwenye prise de force, chini kabisa, mahali nguo ya mtu haiwezi kufika, na kutoka hapo ni mafuta tu yanakwenda mbele kuinua koleo. Nilijaribu uani mara kumi, mara ishirini. Usiku niliota naona ufunguo.

Tulipofika kwenye kona, watu walikuwa wamejaa kando ya barabara. Niliwasogeza mbali, wakanung'unika. Kazi ikaanza vizuri, udongo ukasukumwa bondeni, wanawake wakaanza kushangilia. Halafu nikaona Samueli anasogea karibu na koleo likiwa juu. Mpira mmoja wa mafuta ulikuwa umelowa.

"Ni katone tu, dada," alisema. "Acha nishike nione nafasi yenye inatoka."

Akanyoosha mkono. Ulinifundisha kwamba mafuta yaliyosukumwa na pompi, hata yakitoka kwenye tundu la sindano, yanaingia ndani ya nyama na mkono unaoza.

Nilizima.

Sikuwaza, Papa. Nilisikia kimya ndipo nikajua kwamba nimezima. Nikapiga kelele asiguse. Nikashusha koleo mpaka chini, nikachezesha manivela, kile kishikio cha koleo, mpaka mipira ikalegea, ndipo nikashuka. Nilitembea nimeshikilia ubavu wa gari.

Mpira mwingine ulikuwa umebaki garajini. Samueli alikwenda kuuchukua kwa pikipiki, na watu walingoja saa tatu nzima juani. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti kwamba kazi ya chuma si ya mwanamke mwenye kutetemeka. Mama Esperansi akamwambia, "Mwenye hatetemeki njo atatuua." Jioni barabara ilifunguka. Malori yalipoanza kupita, mchungaji akaomba, wote wakafumba macho. Mimi nilikuwa nyuma ya jeep natapika.

Nilidhani imekwisha hapo. Lakini habari ilitembea, na sasa watu wa Ntoto, kule Walikale, wametutumia ujumbe. Mlima umewafungia pia, wana wagonjwa, na njia ni ya msitu, kitelezi juu ya kitelezi. Mpira ukipasuka kule hakuna garaji ya kukimbilia. Samueli alitaka kwenda peke yake. Nimekataa. Nimekubali kwenda naye, na tangu nikubali sijalala vizuri.

Leo asubuhi nilimkuta Mama anachuja maziwa. Nikaona siwezi kupanda kwenye ile gari nikiwa na uongo wako mgongoni. Ulinipenda nao, najua, lakini ni mzito. Nikamwambia yote: ufunguo, sauti yako, mkono wangu uliokataa kwenda.

Aliendelea kuchuja. Nilihesabu matone. Alipomaliza akafunika ndoo, akajifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni.

"Alikuficha mpaka kufa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na juzi, kwa kona, ulizima?"

"Nilizima."

Akanitazama kwa macho mekundu. Halafu akasema, "Basi enda. Lakini Samueli asikae kwa kile kiti. Ukae wewe."

Nakuacha hapa, Papa. Samueli anapakia mipira ya akiba, na nataka kuihesabu mwenyewe kabla hatujaondoka.

Ni mimi, binti yako, niliyekaa kwenye kiti cha dereva.