Meno ya Mama mu Kinywa ya Nyama ya Simenti

Mama mupenzi wa Sandoa,

Jambo sana, na bote ba nyumba. Huku vumbi na jua, na mi niko na kasirani!

Pembeni ya barabara ya Musonoi, muzungu mwenye baa amesimamisha sanamu ya nyama kubwa ya pori, ya simenti, ya kutisha batu. Yaya Muteba, mutoto wako mukubwa, njo aliijenga. Naangalia mu kinywa: meno yako, Mama, yenye kuchongwa!

Nikamugombeza. Akajibu: "Bwana alitaka meno yenye ncha. Mi najua ya Mama tu, na ni mazuri."

Pale madame moya akaambia dereva yake: "Meno ya shetani!" Eti shetani! Nikamusogelea, nikamuchekea na yangu yote, yale mulinichongesha ili nipendeze. Akakimbilia motokari.

Tunakukumbuka sana, Mama. Ucheke vizuri.

Mutoto wako, Tshilombo