Shakwe wamefuata beseni langu

Bi Somoe mpendwa, shikamoo mama yangu, mimi nakusoma gazetini kila wiki. Naomba unisitiri kwanza, kisha ndiyo unisaidie, maana jambo lenyewe ukilisikia utacheka, ni habari ya ndege, lakini mimi mwenzio limenielemea.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na tisa, naishi Ndagoni huku Mafia, mume wangu Abdulhamidu amefariki mwaka wa tano huu na shamba letu la muhogo limepakana na la dada yake, wifi yangu Mwanamkuu, na huyo wifi ndiye aliyekaa nami siku zote za eda, akinipikia na kulala chumbani kwangu nisiogope, na mpaka leo kila asubuhi mimi naja na chai, yeye anakuja na muhogo wa kuchemsha, tunakaa pale mpakani tunakunywa ndipo tushike majembe.

Sasa msimu huu wamekuja wavuvi wa dago, wale wa kutoka Kilwa wanaopiga kambi ufukweni kila mwaka, na mmoja wao, Zubery, mtu mzima, mpole, naye kafiwa na mkewe, aliniona nahangaika na udongo wangu wa mchanga akaniambia kwao matumbo ya samaki huzikwa shambani na muhogo unanenepa mpaka unashindwa kuung'oa peke yako, basi kesho yake akaniletea beseni zima, na keshokutwa yake tena, na mimi sikumkataza, nikawa nayafukia juu juu tu kwa haraka kwa sababu, sikufichi, nilikuwa nataka nipate nafasi ya kuzungumza naye kabla wifi hajafika.

Ndani ya wiki mbili shakwe wakaijua njia. Tumezoea kuwaona pwani wakigombea vichwa vya samaki, lakini hawa sasa wanakuja shamba, wanatembea kwa miguu kama wenye mali, wanafukua, wakimaliza kwangu wanavuka mpaka, na muhogo wangu ni mkubwa hawauwezi, ila wifi ndiyo kwanza alikuwa amepanda kunde na karanga, wakamng'olea miche yote, akapanda tena, wakang'oa tena, makopa ya muhogo aliyoanika wakayanyea, na yeye na goti lake bovu anashinda juani akigonga debe kuwafukuza, na akichoka ananiita, "Wifi Nasma, hebu niambie, hawa wana bahari nzima, huku shamba wamefuata nini?" nami namjibu, "Sijui, wifi." Bi Somoe, hilo "sijui" nimelisema siku kumi na moja.

Watu wanasema ndege wameletwa na dago, eti wageni wanatupa uchafu ovyo, na Mzee Muhidini, mwenyekiti wetu wa kitongoji, ameitisha mkutano Jumapili ili dago lihamishwe pwani nyingine, na likihamishwa Zubery anaondoka nalo, naye ameshaniambia anataka kuleta posa, na mimi nampenda, haya, nimesema, nampenda. Yeye alitaka kwenda mwenyewe, akaniambia, "Bi Nasma, beseni nimeleta mimi, niache nikaseme mimi," nikamshika mkono nikamwambia asithubutu, kwa sababu wifi atajua kuwa nilimdanganya machoni kutwa kucha na kuwa nataka kuweka mtu mahali pa kaka yake, naye ndiye ndugu niliyebaki naye hapa kijijini.

Na juzi nilivyochanganyikiwa nililisahau beseni pale mpakani na mabaki yake, asubuhi nikalikuta limeoshwa likatakata, limefudikizwa juu ya kisiki, na mvua haikunyesha, sijui ni mpita njia gani. Nisaidie mama, niseme au ninyamaze?

Mimi mwenye beseni, Ndagoni.

*

Mwanangu mwenye beseni,

Marahaba, na pole. Nilicheka mpaka kwenye beseni la pili, halafu sikucheka tena.

Kumpenda mtu si kosa. Eda uliimaliza zamani, mwanamume hana mke, anataka kuja mlangoni kwa heshima. Hapo sina neno, ila nakuombea heri. Kosa lako ni hili: umemwacha mwenye goti bovu agonge debe juani siku kumi na moja, na jibu unalo mdomoni. Hilo limeniudhi, na nakwambia kama mama yako. Usiwasingizie shakwe wala wavuvi wa watu. Ndege kaona chakula, kaja kula.

Leo hii beseni likome. Yale uliyoyafukia juu juu yafukue, chimbeni wewe na Zubery shimo kona ya mbali na mpaka, la kina cha kiuno, muyatie humo, mmwage majivu, mshindilie udongo na kufunika kwa makuti. Muhogo wako utasubiri mbolea iive, hautakufa. Shakwe wakikosa siku chache, watarudi pwani wenyewe. Kisha chagua mbegu zako nzuri za kunde, na kesho uiname wewe umpandie wifi yako, mstari kwa mstari, yeye akae kivulini.

Mkutanoni utasema, ndiyo, tena utasimama wewe, si Zubery. Sema matumbo yalikuwa shambani kwako na dago halina hatia. Habari ya moyo wako si ya mkutano, hawakukuuliza. Na huyo bwana mwambie wazee wake wapitie kwanza kwa Mwanamkuu, maana aliyekutunza ukiwa na huzuni ana haki ya kuambiwa wa kwanza ukiwa na furaha.

Lakini usianzie mkutanoni. Anzia mpakani. Majina yenu nimeyabadilisha, ila Ndagoni si kubwa na beseni ni lile lile. Majibu haya nakutumia kwa simu leo Jumatano. Gazeti lenye barua yako litapanda boti, na Ijumaa litakuwa linasomwa kwa sauti barazani kwenu. Una kesho asubuhi tu.

Na sasa rudi usome barua yako mwenyewe, pale mwishoni. Mpita njia gani, mwanangu, akutane na beseni la matumbo ya samaki yaliyolala, ainame, alioshe mpaka litakate, alifudikize lisiingie vumbi? Harufu yake unaijua wewe. Mwanamkuu anajua. Anajua ndege wamefuata nini, anajua na anayeleta ni nani. Beseni lile angeweza kulibeba na uchafu wake hadi kwa Mzee Muhidini, na mkutano ungeishia hapo. Yeye kaliosha. Kila siku anapokuita na kukuuliza, haulizii ndege. Anakusubiri wewe.

Basi kesho nenda na chai kama kawaida, na beseni ulifudikize, ulikalie karibu naye. Akikuuliza wamefuata nini, mwambie.

Bi Somoe