Nilimjibu Yote Isipokuwa Lile Moja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wa haraka, naandika hapa saluni mteja kichwa nusu kimesukwa ametoka kununua soda, mimi ni msusi na rafiki yangu ni fundi cherehani katika mji mwingine, tangu shuleni sisi ni chanda na pete, namwita Sindano kwa ule ulimi wake, na kila wiki tunaandikiana barua za mbiombio kwa sababu simu kwetu hainogi. Sasa barua yake ya mwisho ilikuwa na mambo yetu yaleyale, jogoo wa jirani kaingia dukani kadonoa vifungo, zipu zimemwishia, binti yake kang'oka jino, halafu katikati hapo akaandika, "Nimepapasa uvimbe titini, mdogo kama punje ya mahindi, hauumi, nikimaliza sare za shule nitakwenda hospitali, usimwambie mtu," kisha akarudi kwa jogoo. Mshauri, nilimjibu siku ileile, jogoo nikamcheka, jino nikalipongeza, uvimbe sikuugusa kwa neno hata moja, niliona nikiutaja utakuwa kweli. Wiki ya tatu sasa hajaniandikia na mimi naona aibu. Nimwambie mama yake au nitunze siri?

Msusi Mwoga

Msusi, pole, kisha ngoja nikuseme. Hofu yako naielewa, hata mimi ningetetemeka. Lakini mwenzako kakutolea la moyoni, wewe ukajitia hamnazo! Asiyetaka mtu ajue haandiki. Na amekuandikia wewe, si mama yake, basi mama mwache kwanza.

Hizo sare unadhani zitaisha? Zikiisha zitakuja nguo za harusi. Na hilo la "hauumi" lisikulaze usingizi. Sikutishi, mara nyingi uvimbe huwa si kitu kibaya, ila wa kusema hivyo ni daktari, si fundi, si msusi, wala si mimi wa gazetini.

Usimwandikie tena. Kesho funga saluni, wateja watanuna na watarudi. Panda basi la kwanza, nenda moja kwa moja dukani kwake. Akianza kukupiga danadana, funika cherehani umwambie, "Barua yako niliisoma yote, shoga yangu. Niliogopa. Vaa viatu twende."

Hospitali mtakuta foleni, kaa naye. Jina lake likiitwa, inukeni wote wawili.